Gia Kumi na Nane Mpaka Kigongo

Mimi hakuna cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikatia katikati, lakini nimeona mengi kuliko waliolimaliza. Nimeona sangara mzito kuliko padri. Nimeona tajiri aliyenifukuza kwenye benchi la duka lake akija kuniomba kazi kwa ajili ya mwanawe. Nimeona mabondo, vile vibofu vya samaki ambavyo baba yangu alikuwa akiwatupia mbwa, vikinijengea nyumba ya matofali Nyegezi, madirisha ya vioo. Sasa mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini? Na baiskeli?

Eh. Na baiskeli.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni, leo mji wa Mwanza umejaa makontena ya mitumba mpaka suruali zinakosa mtu wa kuzivaa. Siku moja likafunguliwa kontena, ndani kuna baiskeli ambazo hatujapata kuziona: tairi nene zenye meno kama za trekta, usukani umenyooka kama mpini wa jembe, na gia. Si ile moja tuliyoizoea wote. Kumi na nane. Muuzaji akaniambia ni za kupandia milima.

"Huko mlimani wanafuata nini?" nikamwuliza.

"Hawafuati kitu, mzee. Wanapanda, halafu wanashuka."

Pale pale nikajua hiyo ndiyo baiskeli ya mtu mwenye pesa. Nililipa bila kuomba apunguze, jambo ambalo sijalirudia tena maishani.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na karakana ya baiskeli palepale Nyegezi kando ya barabara, kibanda cha mabati na beseni la maji ya kutafutia pancha. Mhaya, ana maneno mengi kuliko spoku. Nikampelekea aone. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari wa mifugo.

"Keria iko wapi?"

"Haina."

"Kengele?"

"Haina."

"Madigadi?"

"Haina."

"Sasa bwana mkubwa, umenunua baiskeli au umenunua mifupa yake?"

Wateja wake wakacheka. Mimi kuchekwa na watu wanaoziba pancha kwa mkopo sikuzoea. Nikamwambia mifupa hii itafika kivukoni Kigongo kabla lile lidude lake jeusi la gia moja halijatoka kwenye stendi yake. Mdomo huu! Akajifuta grisi taratibu.

"Jumamosi nampeleka mama wa dagaa kivukoni," akasema. "Mabasi yanamtoza nauli yake na ya beseni. Twende wote. Atakayetangulia kushika geti la kivuko anachukua baiskeli ya mwenzake."

"Wewe umepakia mama?"

"Na beseni."

Nikampa mkono mbele ya watu kama kumi. Na ukishampa mtu mkono mbele ya watu kumi kwetu Mwanza, hata ukifa watakuja kuulizia msibani. Wiki nzima sikufanya kazi nyingine ila kutangaza. Niliwatangazia wavuvi wangu, wanakwaya, muuza maziwa. Mke wangu akaniuliza nikishindwa itakuwaje. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Kufika mteremko wa kwanza nilikuwa siwaoni tena nyuma. Nilienda nikipungia watu kama mgombea ubunge. Ila barabara ilikuwa na mashimo, na kila nikipita shimo nasikia chini, kwa-kwa-kwa. Kuinama, naona kimkono cha chuma kinaning'inia karibu na gurudumu la nyuma, mnyororo umepita ndani yake, kinacheza huku na huko kama jino bovu.

Usagara nina rafiki mwingine, Msukuma mwenzangu, mchomeleaji wa vyuma, mtu wa maneno matatu kwa siku. Alikuwa na mashine yake inayonguruma kwa jenereta. Nikamsimamishia baiskeli mbele.

"Kinacheza," nikamwambia. "Chomelea."

Akakisukuma kwa kidole. Kikaenda, kikarudi. Akakisukuma tena.

"Kinarudi chenyewe," akasema. "Kilichovunjika hakirudi chenyewe."

"Chomelea, nina haraka."

"Bosi, labda kimewekwa kicheze."

"Nani atengeneze baiskeli nzima halafu aache kitu kinaning'inia? Alikuwa mlevi? Chomelea, nakwambia!"

Mnielewe. Sisi kitu kikilegea tunakaza. Kisipokazika tunafunga waya. Waya ukikatika tunachomelea. Hiyo ndiyo elimu niliyoipata kwenye mitumbwi na injini zake, na ilinijengea nyumba. Akashusha miwani yake, akachomelea pande zote mbili, na mimi nikanywa soda nikimsimamia. Alipomaliza nikakipiga teke kile kimkono. Kimya. Hakitingishiki.

"Sasa ndiyo baiskeli," nikasema.

Ndipo nikawaona kwa mbali, lile lidude jeusi likija mdogo mdogo. Mama kakaa upande juu ya keria, beseni mapajani, mwavuli juu, utadhani anapelekwa kuapishwa. Nikarukia yangu nikaenda.

Njia ya Kigongo ilikuwa ya kokoto, lakini baiskeli ilikwenda vizuri na haikupiga kelele hata kidogo. Nikamsifu yule fundi, nikajisifu mimi zaidi. Kilichobaki kilikuwa kilima kimoja, ukikipanda unaliona ziwa. Akina mama waliokuwa wakiuza mihogo pembeni wakasimama kuniangalia. Na mimi nikiangaliwa siwezi kupita hivi hivi. Gia nilikuwa sijazigusa tangu Usagara, na kwa hesabu zangu gia kubwa ndiyo yenye nguvu kubwa. Nikasukuma kile kiwiko cha kubadilishia mpaka mwisho.

Mnyororo ukapanda kwenye duara kubwa la pedali, ukakaza kama kamba ya ng'ombe aliyegoma, halafu: paa! Kimkono kikang'oka pamoja na kazi yote ya Usagara. Mnyororo ukakatika, ukanichapa muundi. Nikajikuta nimekaa kwenye kokoto na kipande cha muhogo wa mtu chini yangu.

Wakanikuta hapo hapo.

"Shikamoo mama," nikasema, maana adabu ni adabu hata ukiwa chini.

"Marahaba, ng'wanawane. Pole mwanangu. Hiyo ndiyo ya kupandia mlima?"

Rafiki yangu hakusimama. Aligonga kengele. Akaigonga kilima kizima, mpaka upande wa pili, mpaka getini.

Nilifika nikikokota. Nikamkuta ameshika geti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapokea nauli ya mama. Yaani mtu ananishinda huku analipwa! Akapiga magoti akachunguza kile kimkono.

"Nani kachomelea?"

"Mimi nilimwambia."

"Hiki ndicho kinachoachia mnyororo unapobadili gia. Lazima kicheze. Wewe umemfunga mtu mikono, halafu unamtupa ziwani uone kama anajua kuogelea."

Nilishangaa. Basi, nimesema.

Nyumbani nilirudi nimekaa kwenye keria, pale pale alipokaa mama, na mifupa yangu nimeibeba begani. Tukaishusha Usagara itengenezwe. Yule mtu wa maneno matatu alitutazama tukija, akaangalia kimkono, akaenda akazima jenereta ili nisikie vizuri anavyocheka.

Wiki iliyofuata baiskeli ilikuwa imening'inizwa mbele ya kibanda pale Nyegezi. Ina kimkono kipya, keria, kengele na madigadi. Chini yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: INAUZWA. ILIKUWA YA BOSI WA MABONDO. Watu ambao hawajawahi kununua hata valvu walikuwa wanasimama kuuliza bei, ili tu wasimuliwe. Wavuvi wangu wakaanza kugonga kengele kwa midomo kila nikishuka ufukweni. Nilivumilia siku tisa. Ya kumi mke wangu akaniambia, "Kainunue, au hamia Sengerema."

Nikaenda. Nikaomba anipunguzie.

"Kule kwenye kontena hukuomba," akasema. "Kwangu kuna nini?"

Akajumlisha kimkono, keria, kengele, madigadi, akajumlisha na lile boksi, akasema mkaa ni bure kwa sababu ni marafiki. Nilipokwisha kulipa akakumbuka nauli ya kutoka Kigongo, ambayo alinitoza mara mbili, mimi na mzigo. Jumla, shilingi elfu hamsini na moja, mia tatu na hamsini.