Vitumbua vya Mkwe

Shemeji yangu alitua stendi ya Same na begi la mgongoni lililomvuta mabega nyuma, na kabla hata hatujamaliza kusalimiana alinieleza kwamba uwanja wa ndege walimfungulia begi lile na kumuuliza amebeba silaha gani. Nikacheka, jambo ambalo sikulitarajia, maana tangu nipate habari ya ujio wake nilikuwa na kazi moja tu, kununa. Akafungua zipu palepale kwenye benchi la wasafiri, akanionyesha. Kilikuwa chuma cha vitumbua. Kilikuwa kizito kuliko changu na cheusi tii, chenye mashimo saba.

"Kilikuwa cha mama yangu," alisema. "Dada yako alikipenda kuliko chombo chochote cha nyumba."

Dada yangu alifariki mwaka juzi huko Denmark. Huyu mume wake alikuja milimani kwetu akiwa kijana kufundisha useremala kwenye shule ya kanisa, akajifunza Kiswahili, akala makande bila kulalamika, na alipoondoka aliondoka na dada. Dada alikuwa anarudi kila baada ya miaka michache, amenenepa kidogo, ameleta soksi za sufu kwa ukoo mzima. Kisha akaugua. Wakati wa baridi ya kwao simu ikapigwa, na mwili haukuletwa.

Mwili haukuletwa kwa sababu haukuwepo. Shemeji aliniambia mwenyewe kwenye simu, kwa Kiswahili chake kilichoanza kuota kutu, kwamba dada amechomwa kama alivyochomwa mama yake yeye, kama atakavyochomwa yeye siku yake ikifika, na kwamba kilichobaki kimewekwa ardhini kwenye uwanja wa kanisa. Nilikaa chini. Kwetu kinachochomwa ni shamba kabla ya mvua. Baba mdogo aliposikia alizunguka nyumba mara kadhaa, kisha akaamua kwamba mama aambiwe tu mwanawe yuko kwenye makaburi ya kanisa. "Hatujadanganya," alisema. "Ila hatujamaliza." Basi mama akaambiwa nusu, na ile nusu nyingine ikabaki kwetu sisi wawili.

Nusu ile haikumtosha. Tangu matanga yaanuliwe, mama alianza kumsikia dada. Si usiku, kama mnavyodhani. Ni alasiri, ule wakati ukungu unaposhuka kutoka msituni na kufunika migomba mpaka huoni banda la kuku. Alikuwa anainua kichwa kutoka kwenye maharage anayochambua, anasikiliza, kisha anasema, "Amefika tena. Anakohoa pale kwenye wembamba wa njia. Hapati pa kuingilia." Alikuwa anaacha mlango wa jiko wazi, baridi yote ikaingia, na nikiufunga ananitazama kana kwamba nimemfungia mtu nje.

Wazee wa ukoo walikuja na dawa yao. Mtu akipotea mbali, mwili usipatikane, walisema, unakatwa mgomba, unavikwa nguo yake, unazikwa kwa heshima zote, na yule anayetangatanga anatulia. Mchungaji alipopata habari alikuja juu, akahubiri Jumapili nzima bila kututaja lakini akitutazama. Mama aliwakatalia wote. Kwa wazee alisema, "Siziki mgomba wakati mume wake yuko hai na anajua alipomlaza." Mchungaji hakuambiwa kitu, alipewa ndizi tu za kwenda nazo.

Mimi ni Mlutheri wa ubatizo na kipaimara, na sina subira na mambo ya kusikia watu kwenye ukungu. Nilikwisha kumwambia mama mara nyingi kwamba ni mbuzi wa jirani anayekohoa. Lakini kuna alasiri moja niliingia jikoni nikakuta harufu ya iliki imejaa, iliki iliyotoka kutwangwa, na nyumba yetu haikuwa na iliki tangu Krismasi. Nilichungulia kinu, kilikuwa kikavu. Sikumwambia mama. Nilitoka, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa hiyo mwelewe nilivyokuwa siku ile tunapanda mlima na mkwe, begi lake miguuni pangu, barabara ya Makanya ikipotea chini kwenye vumbi. Nilijua mama anamngoja na swali moja. Akijibu uongo, mama ataendelea kuacha mlango wazi mpaka afe. Akisema kweli, nilihofia kweli hiyo itamuua kabla ya hapo. Nilimwambia shemeji maagizo ya baba mdogo. Aliendelea kutazama nje dirishani.

Tulipofika alisimama mbali uani, akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema mama, akiwa ameelekeza uso kwenye banda la kuku. Kisha akanigeukia mimi. "Mwambie karibu. Muulize watu wa kwao hawajambo."

Kwa watu wa umri wa mama, mkwe wa kiume hatazamwi usoni, hali chakula mbele ya mama mkwe wake, na maneno yao yanapita kwa mtu wa tatu. Basi nikawa ndiye huyo wa tatu. Wote wawili wanajua Kiswahili, wote wanasikia vizuri, kila mmoja amesimama hatua chache kutoka kwa mwenzake, na mimi katikati ninarudia kila neno kama redio mbovu. "Anasema hawajambo, mama." "Nimesikia," anasema mama, halafu ananingoja nimalize.

Siku ya pili yake shemeji akaniambia kilichomleta na kile chuma. Dada alipokuwa kitandani, alimwomba aje ampikie mama vitumbua vya kule Denmark kwa mkono wake mwenyewe, wala si kufundisha mtu ampikie. Nikamwambia haiwezekani. Mkwe kuingia jikoni kwa mama mkwe wake, akakaa kwenye kigoda chake, akachochea moto wake? Hata watoto wa mjini wasiojua chochote wangeshtuka. Dada alijua hilo vizuri kuliko sisi wote, na nilimkasirikia palepale, marehemu kama alivyo, kwa kututia kwenye jambo lile.

Nilimpelekea mama ujumbe nikijua jibu. Alizipangusa mbegu za maharage mapajani.

"Ni yeye aliyesema hivyo? Mwanangu?"

"Ndivyo alivyosema mkwe."

"Basi mwambie aingie. Mimi nitakaa nje ya mlango, nitampa mgongo."

Akabeba mkeka wake, akauweka kizingitini, akaketi akitazama migomba. Alasiri ilikuwa imeanza kuingia ukungu.

Ndani, yule mzungu mrefu alikunja magoti kwenye kigoda cha mama mpaka yakakaribia masikio. Nilimpa unga wa ngano, mtindi, mayai, siagi kidogo na hamira, na iliki tuliyonunua Same. Aliiponda iliki kwenye kinu mwenyewe. Ute wa mayai aliupiga peke yake kwenye bakuli mpaka ukasimama, akauchanganya polepole, bila haraka ya mtu mwenye wateja wanaongoja. Kwao ndani hutiwa tufaha, na jina lenyewe linatokana na vipande vya tufaha, lakini alisema dada hakuwahi kutia tufaha hata mara moja. Alikuwa anaponda ndizi mbivu, anazipika na tangawizi na sukari mpaka zinakuwa nzito, ndizo anazojaza. Majirani wa kule walimwambia si sahihi, naye aliwaambia wakale vya kwao.

Nikacheka, na mama huko nje nikamsikia naye akiguna. Ndivyo dada alivyokuwa.

Mimi vitumbua nimepika miaka mingi, kwa hiyo nilikaa nikimsubiri akosee. Sisi tunamimina, tunangoja, tunageuza mara moja, tumemaliza. Yeye alimimina shimo likajaa, na mara ukingo uliposhika alitoa sindano ya kufumia sweta kwenye mfuko wa shati, akaivuta ile ngozi robo tu, ikasimama upande, na ule uji wa ndani ukamwagika chini ya shimo ukaanza kuiva. Katika pengo lililobaki akatia kijiko cha ndizi. Akavuta robo nyingine. Akaifunga. Kikatoka kitu cha mviringo kamili, kisicho na mdomo, ndizi imefungiwa ndani na huoni ilipoingilia.

"Yeye alikuwa na haraka kuliko mimi," alisema. "Alikuwa anageuza vyote saba huku anaongea na wewe kwa simu."

Nilikumbuka. Nilikuwa namsikia akipiga piga kitu cha chuma nyuma ya maneno yake, sikuwahi kumuuliza ni nini.

Harufu ilipokolea, jiko lile likabadilika, sijui nisemeje. Shemeji aliinua kichwa akatazama mlango, si upande aliokaa mama, upande wa pili, penye giza la kuni. Na mimi nikatazama. Hapakuwa na mtu. Lakini tulikaa vile wote wawili, sindano yake imesimama hewani, kama watu wanaomngoja mtu amalize kuvua viatu aingie. Tulisahau moto. Mafiga ya mama yana moto mkali, kuni za milimani hazina masihara, na vyote saba vikaungua.

"Nini kinaungua?" aliuliza mama kutoka nje.

Shemeji hakusogea. Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye mashimo na yeye ameukodolea macho, uso umemsinyaa. Nikakiepua chuma mwenyewe.

"Vitumbua tu, mama. Moto umezidi."

Mama, bila kugeuka, akasema, "Muulize sasa. Mwanangu alimlaza wapi?"

Niligeuka kumtazama shemeji. Nilimtikisia kichwa, kidogo tu, kumkumbusha maagizo ya baba mdogo. Na yule mtu, ambaye miaka yote alifuata kila mila yetu aliyoelezwa, akanitazama akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwambie alichomwa, shemeji. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Alikubali yeye mwenyewe. Majivu yake yako kwenye chombo, chombo kiko ardhini karibu na ukuta wa kanisa, kuna mti mdogo na jiwe lenye jina lake."

Sikuweza kulirudia. Nilifungua mdomo nikashindwa, na hakuna aliyenihimiza, maana mama alikwisha kusikia. Niliona mgongo wake tu. Haukutikisika. Kuku mmoja alipita mbele yake, akamfukuza kwa mkono kama kawaida yake. Nilikuwa tayari kumkimbilia akianguka. Nilimchukia baba mdogo, nilimchukia na huyu, na zaidi nilimchukia dada kwa kukubali.

Alikaa hivyo mpaka maji ya chai niliyoyateleka baada ya kuepua chuma yakachemka yakafurika motoni.

"Muulize," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia bei ya kitu sokoni, "hicho chombo kina uzito gani?"

"Mama, wacha basi."

"Sijakuuliza wewe."

Shemeji aliiweka sindano chini. Akatazama huku na huku jikoni, kwenye sufuria, kwenye ndoo, kwenye kinu, akijaribu kimoja kimoja kwa macho. Kisha akainamia kapu la vitu tulivyopandisha kutoka Same, akatoa pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili ambayo haijafunguliwa. Akaipima mkononi. Akachukua na pakiti ndogo ya sukari, akaiweka juu yake, akapima tena. Akanipa.

"Hivi," alisema. "Hivi hasa. Nilikibeba mwenyewe."

Nikatoka navyo mlangoni. Mama alipokea kwa mikono miwili bila kunitazama, akaviweka mapajani, akavisogeza mpaka vikaegemea mkono wa kushoto, na kanga yake ikaangukia juu. Sijui kama alijua anachofanya. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga piga taratibu ile karatasi ya unga.

"Nilimtoa hospitali ya Gonja akiwa kichanga cha uzito huu," alisema. "Nilipanda naye mlima kwa miguu, mvua inanyesha, na kuni nikazikuta nimeachiwa nipasue mwenyewe. Sikuchoka. Mwili wake waliniambia ni mzigo mkubwa, ndege haiwezi. Wakaniambia nizike mgomba." Akaufunika unga vizuri kwa ncha ya kanga. "Huu ningeubeba. Kutoka huko kwao mpaka hapa ningeubeba."

Ndani ya jiko shemeji alikuwa amejifunika uso kwa mikono yenye unga. Alilia kwa sauti, kama wanaume wetu wasivyolia, na mama alimsikiliza mpaka akapunguza.

"Mwambie aniletee mwanangu," mama aliniambia.

Nikageuka kumwambia. Alikuwa ameshasimama mlangoni, anamtazama mama usoni, na mama anamtazama.