Majirani Walipolijaza Kanisa

Nilisikia cherehani zikirindima kabla sijaliona kanisa letu dogo la Kipresbiteri, pale Mabwerebwere. Siku hizi mabinti wa dini zote hujifunza kushona humo. Nikaukumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Wafanyakazi wa reli waliolijenga walikuwa wamehama au wamekufa. Tulibaki mimi, bibi yangu na popo. Mchungaji mkuu alikuwa anakuja kutoka Morogoro, na asipokuta watu angelifunga. Bibi akapita nyumba kwa nyumba kualika, kama mtu mwenye shughuli. Majirani wetu Waislamu wakaitikia wote, wakinukia udi na mafuta ya nazi, Mama Zuhura akiwa mbele.

Nikaangua kilio. Niliamini kwamba akishakaa tu kwenye benchi lile amekuwa Mkristo, na pilau yake ya Idi ndiyo basi tena.

Mchungaji alifurahi mno. "Walioongoka leo wasimame!"

Hakusimama mtu.

"Baba Mchungaji," akasema Mama Zuhura, "sisi tumekuja kumsitiri jirani. Nawe fanya haraka kidogo, alasiri itaadhiniwa sasa hivi."

Bibi akajifunika uso kwa kanga. Mchungaji akacheka mpaka popo wakaruka.

"Mama mzee, silifungi," akasema. "Ila hawa usiwaache. Watafutie la kufanya humu, hata katikati ya wiki."

Akachukua mkoba wake, akatuacha tumekaa, akatoka na kuurudishia mlango taratibu, kama mgeni.