Msiba Uliokwisha Bila Mimi

Chuo kilipofunga muhula nilirudi nyumbani kutoka Mbeya na mfuko wa mchele wa Kyela niliomnunulia shangazi yangu. Alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuja Dar kutoka Newala kabla sijazaliwa, hakujaliwa mtoto, na tangu nikiwa mdogo tulilala chumba kimoja. Kila asubuhi alikaanga vitumbua barazani kwetu Kariakoo, kwenye nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa kushoto na kulia.

Tangu maandalizi ya mitihani hadi mwisho wake simu yake haikupatikana. Nilipomuuliza mama, alijibu, "Kaenda Newala kuangalia mikorosho. Mtandao wa huko unaujua mwenyewe." Nikaamini.

Siku niliyofika, mama alipokea begi langu akaliweka sebuleni. Hapo nikashtuka, maana begi langu siku zote huenda moja kwa moja chumbani. Baba akazima televisheni.

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Shangazi hajarudi?"

Baba akaangalia mikono yake. Mama ndiye aliyesema. "Shangazi yako katangulia mbele ya haki. Presha ilimpanda, hata hospitali hatukufika. Tukaona tukuache umalize mitihani."

Alikuwa ameshazikwa makaburi ya Kisutu. Arobaini ilishasomwa, turubai lilishakunjwa, ndugu wa Newala walishaondoka. Nguo zake ziligawanywa, nikawekewa kanga mbili. Kitandani kwake palikuwa na maboksi ya mama ya biashara.

Likizo yangu ilianza hivyo, katika nyumba ambayo watu walishamaliza kulia. Mama alicheka kwenye simu na wenzake wa kikoba. Baba alisikiliza mpira. Mimi chakula kikiletwa machozi yananitoka juu ya sahani, hadi mama akasema, "Jamani, inatosha. Utajiumiza." Hakuwa mkali. Yeye alilia na wanawake wenzake mkekani, mmoja akilegea mwingine anamshika. Mimi nililia na mto. Majirani walishatoa pole zao zamani, na aliyekumbuka kunipa na mimi aliitoa huku anatembea. "Pole, eh? Ndo hivyo tena."

Jioni moja nilimkabili baba.

"Baba, mngeniambia tu."

"Tungekuambia ungefanya nini? Ungeacha mitihani, ungepanda basi, na usingemkuta. Tulimzika siku ileile."

"Ningelia na nyinyi."

Akachukua kofia yake akatoka.

Kukaa ndani kulinishinda. Nikaloweka ule mchele wa Kyela, asubuhi nikausaga, nikatia tui na iliki na hamira, nikawasha jiko barazani. Vya kwanza viliungua chini na katikati vikabaki uji. Wateja wa zamani walinunua kwa huruma. Mama mmoja alitafuna, akasema taratibu, "Vya marehemu vilikuwa laini." Sikuchukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kusikia mtu anamtaja bila kuulizwa.

Niliendelea hivyo asubuhi kadhaa. Ndipo akaja mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri vya cherehani ng'ambo ya barabara. Alikuwa India kwa binti yake muda mrefu. Amekonda, ana miwani mipya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo shangazi yako kakuachia kazi? Yuko wapi, nimemletea zawadi."

Neno "kasafiri" lilikuja lenyewe mdomoni. Lilikuwa jepesi kabisa. Ningelisema, angechukua vitumbua vyake akaenda kunywa chai kwa raha, na asubuhi yake isingeharibika. Nikamwangalia usoni, nikageuza kitumbua kisichohitaji kugeuzwa.

"Amefariki, babu. Wewe ukiwa India."

Akaweka mfuko wake chini, akashika nguzo, akakaa kwenye ngazi ya saruji.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Na mimi hawakuniambia."

Akavua miwani. Alilia palepale, wapita njia wanatazama, wabeba mizigo wanapiga kelele wapishwe. "Mke wangu alipofariki," alisema, "shangazi yako alikuja kukaa na binti zangu. Kila siku. Haongei. Anakaa tu."

Nikatoa kikaango motoni nikakaa pembeni yake. Hapo ndipo nililia kilio chenyewe, cha sauti, kile ambacho ndani ya nyumba nilikuwa nakimeza. Hakuniambia ninyamaze, na mimi sikumwambia.

Baba alitoka kwa sababu ya kelele. Nilidhani ataona aibu ya mtaa. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaja kukaa upande wangu wa pili.

"Nilikuwa nashika simu nikupigie," alisema, akiangalia barabarani. "Nawaza utaniuliza kama shangazi hajambo. Naiweka chini. Na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Kusingizia mitihani kulikuwa rahisi zaidi."

Sikuwa tayari kumwambia yameisha, maana hayakuwa yameisha. Lakini sikuondoka pale.

Ijumaa iliyofuata alinipeleka Kisutu. Mchanga wa kaburi ulishatitia, majani yameanza kuota pembeni. Baba aliyang'oa kwa mkono, moja moja, kisha tukasoma dua. Nilikuwa nimejiandalia mambo mengi ya kumwambia shangazi, ya chuo na ya vitumbua, na yote yakanipotea. Nilisema tu, "Nimechelewa, shangazi. Hawakuniambia." Baba alisikia. Aliinamisha kichwa, hakujitetea.

Muhula ulipofunguliwa nilirudi Mbeya. Kwa wengine nyumbani yalikuwa yamepita. Kwangu ndiyo kwanza yalikuwa mabichi, na kule chuoni hakukuwa na hata mtu mmoja aliyemjua shangazi.