Shati la Kuzikia

Nilizaliwa Hima, mji mdogo karibu na Kasese. Baba alitoka Kenya kuja kutafuta kazi kwenye kiwanda cha saruji, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ndicho kilichonipatia kibarua cha ukalimani. Mawakili wa kigeni walifika Kasese kukusanya ushahidi wa mauaji ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, ili kesi ifunguliwe Ulaya. Nilihitaji kazi, na niseme kweli, niliamini pia. Niliamini iko meza moja duniani ambapo mwenye bunduki angeketishwa na kuulizwa maswali.

Shahidi wetu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Bwera, pale mpakani, muuza mihogo mikavu. Mwanawe alivuka mpaka kununua mafuta ya mawese, watu wenye silaha wakamkamata njiani pamoja na wenzake. Mmoja aliyeponyoka alimwona akipigwa risasi. Mama hakutaka fidia. Alitaka jina la mwanawe lisomwe mahakamani, waliomuua wakiwa wamekaa wanasikia, basi. Aliyarudia maneno hayo mpaka nikawa nayatafsiri kabla hajamaliza.

"Mama, ulimzika?" nilimuuliza kwa niaba ya wakili.

"Nilimuzika. Iko hapa nyuma ya nyumba, kwenye migomba."

Wakili, mwanamke mpole aliyebabuka pua kwa jua letu, alifurahi waziwazi. Alinieleza kwamba maneno ya mdomo mahakamani hupanguliwa, mifupa haipanguliki. Risasi ikikutwa kwenye mfupa itasema imetoka bunduki gani. Kibali cha kufukua kikatafutwa, kikapatikana. Nilipompelekea mama habari hiyo aliniuliza, "Bakifungua, jina itasomwa?" Wakili akasema itasaidia sana. Mama akakubali.

Siku ya kufukua lilisimamishwa hema jeupe kati ya migomba. Mama alijaribu kusogea.

"Wewe mama, toka hapo! Rudi nyuma!" afande aliyeletwa kulinda alimfokea, na hakuna aliyemkanya.

Wataalamu wa mawakili walichimba polepole kwa vijiko, kama watu wanaoogopa kukwaruza viazi. Wakalifikia shati la buluu. Ndani ya shati hapakuwa na mfupa hata mmoja. Palikuwa na nyuzi nyeusi, laini, zilizolowa.

Majirani wote walijua isipokuwa sisi wageni. Mwili usipopatikana, ukoo hukata mgomba, huuvika nguo za marehemu, huulilia usiku kucha na kuuzika. Ukishazikwa ni yeye. Kuutaja tena kuwa ni mgomba ni mwiko, maana kifo kitasikia kwamba hakijapewa mtu, kirudi kuchukua mwingine, na mama alikuwa na mabinti wawili hai. Alidhani wataalamu wa sheria wangeliona shati, wangeelewa, wangefunika. Kwao hakuna mtu mzima ambaye hangeelewa. Nasi tulimuuliza kama alizika, na alizika kweli!

Nilimweleza wakili yote hayo kwa hasira. Alielewa, hata machozi yalimlengalenga. Lakini shahidi wa namna hii, alisema, upande wa pili utammaliza kwa swali moja, kisha utaiangusha kesi nzima pamoja naye. Wakamwacha. Mwili ukipatikana, wajulishwe.

Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa kimataifa niliuona ukikata upande mmoja, ule wenye shingo iliyo karibu.

Mimi ndiye niliyeachiwa kumwambia. Nilimkuta ameketi kando ya shimo, kwani waliliwekea turubai tu wakaondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Banataka mwili," alisema. "Mwili, bale balimuua ndio beko nayo. Ba avoka baende babaulize bo."

Nililitafsiri lile kichwani mwangu, kwamba mawakili waende wakawaulize wauaji wenyewe, likatoka safi, kila neno mahali pake. Hapakuwa na wa kumpa. Magari ya mawakili yalikuwa yameshafika Kasese.

Mama akainuka, akachukua panga, akakata mgomba mwingine. Ulianguka ukitoa maji. Mabinti zake wakausogeza kwenye majani, wakaanza kulia upya, kilio cha siku ya kwanza. Ndipo tukakumbuka nguo. Shati la kijana lilikwenda na mawakili, kwenye mfuko wa plastiki, kama kielelezo, na jingine hakuwa ameacha.

Mama alinitazama. Nilikuwa nimevaa shati jeupe nililonunua kwa ajili ya kazi ile.

"Mwana yangu," alisema, "vua."

Nguo ya mtu aliye hai haizikwi, kifo kisije kikamfuata mwenyewe. Hata mtoto wa Hima anajua hilo. Nilivua, nikampa.