Toleo la Tatu na Kipaimara cha Brightness

Shemeji yangu Anande hajawahi kukaa kwenye kiti chake mpaka mwisho wa sherehe. Nasema hivi kwa upendo, na yeye mwenyewe ameshanisikia nikisema mbele za watu. Ameolewa na kaka yangu Abdiel, na mke wa kaka usipomtania atadhani umemnunia.

Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja binafsi kule Moshono, miaka ile shule binafsi zilipokuwa zinaota kila kona ya Arusha. Kila Januari alibebeshwa kazi ya kupanga ratiba ya vipindi: karatasi ya manila pana kama shuka, penseli, raba, na walimu ishirini wote wakidai vipindi vya asubuhi. Mwaka wa tatu akachoka. Akajifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, akaandika programu inayopanga ratiba yenyewe, akaiita Kengele. Halafu, katika mji ambao kila mtu alikuwa amefungua duka la kitu fulani, yeye akaitoa bure. Programu huria, alisema. Unaruhusiwa kuinakili, kuifungua uone ilivyoandikwa ndani, kuirekebisha na kumpa jirani yako.

Kufikia mwaka 2004 alishaacha ualimu. Alikuwa anawaandikia wenye hoteli programu zao, na kuongoza watu wanne katika chumba kimoja cha ghorofani Sakina, juu ya duka la vipuri la baba yake Dinesh, mmoja wa hao wanne. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuongoza mafundi wa kompyuta, kwa hiyo alituongoza kwa njia aliyoijua, kama kamati ya harusi. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu, kamati ndogo ya makosa na kamati ndogo ya usambazaji. Kila kikao kilifunguliwa na kufungwa kwa sala. Dinesh, ambaye ni Mhindu, naye alipangiwa zamu ya kufunga, na sala zake zilikuwa fupi na tulizipenda sana.

Katibu nilikuwa mimi, Fanuel. Na familia iliponichagua pia kuwa katibu wa kamati ya kipaimara cha Brightness, binti mkubwa wa Abdiel na Anande, nilijiona mtu mkubwa kweli.

Sasa, Kengele ilikuwa na kitu kimoja kilichoipatia sifa. Ukimpangia mwalimu madarasa mawili kwa saa moja, jina lake linapigwa mstari mwekundu na chini yake yanatokea maneno: Mwalimu huyu yuko sehemu mbili. Brightness alikuwa na miaka kumi na mitano na ulimi wa bibi yake. Siku moja akaingiza humo wiki nzima ya mama yake, vikao, hoteli, kwaya, chakula cha jioni, kusaidia wadogo zake hesabu, akaichapa na kuibandika ukutani jikoni. Karatasi ilikuwa na mistari myekundu kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Sote tulicheka. Anande alicheka zaidi yetu, kisha akarudi kukuna nazi.

Alijua mtoto anasema nini. Siku ya mahafali ya darasa la saba, toleo la pili la Kengele lilikuwa linatoka, na Anande aliondoka ukumbini kabla jina la Brightness halijaitwa. Safari hii toleo la tatu lilitakiwa litoke Desemba, shule zipange ratiba kabla ya kufungua, na Brightness alikuwa anapata kipaimara Jumapili ya tarehe kumi na mbili, katika kanisa letu la Akheri.

"Mama, sitaki zawadi," alimwambia. "Nikinyanyuka kutoka kupiga magoti, nataka nikuone umekaa."

"Utaniona," Anande akasema. "Toleo linatoka Jumamosi. Jumapili ni yako."

Alhamisi nikaenda intaneti kafe mjini na disketi yenye matangazo mawili niliyoyaandika mwenyewe. Moja la toleo la tatu, la kutumwa kwa barua pepe kwa walimu wote walioandikishwa kwenye orodha ya Kengele. Jingine la kipaimara, la kupelekwa kwa mchapa kadi. Nami, kwa uvivu wa kikatibu, nilikuwa nimeyaanza yote mawili kwa maneno yaleyale: Kamati ina furaha kuwatangazia. Nilisoma mstari huo wa kwanza, nikaridhika, nikatuma.

Ijumaa asubuhi mwalimu mmoja wa Babati akampigia Anande simu kuuliza kama anaruhusiwa kuja na mke wake. Wa pili, wa Monduli, akauliza Akheri wanashukia wapi. Wa tatu alikuwa wa Singida na alishakata tiketi. Anande alinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na Dinesh akalazimika kumletea maji.

"Fanuel, shemeji yangu," akasema akijifuta machozi. "Umealika nchi nzima kwa mama mkwe wangu."

"Nitatuma barua ya kukanusha."

"Hutumi kitu. Mtu wa Singida ameshakata tiketi. Wewe nenda ukamwambie mama."

Nikapanda Akheri. Mama yetu, Bibi Elifuraha, alikuwa anachambua mchele wa pilau. Nilimweleza kwa tahadhari.

"Hao watu ni wa ukoo gani?" akauliza.

"Si ukoo, mama. Ni orodha ya barua pepe."

Akafikiri kidogo. "Basi ongezeni ndizi. Na hiyo orodha ikifika iniamkie vizuri."

Jumamosi ndiyo iliyotuharibia raha. Wakati wa kukagua toleo kwa mara ya mwisho, Kengele ilimpanga mwalimu wa jiografia katika vyumba viwili kwa saa moja, na mstari mwekundu haukutokea. Ndilo kosa pekee ambalo programu ile haikutakiwa kufanya. Tulitafuta hadi jioni, wapi. Anande aliamua: Dinesh na wenzake waendelee Jumapili asubuhi pale Sakina, yeye atakwenda kanisani na simu, wakikwama wampigie.

Jumapili alikaa kwenye benchi la mwisho, kando ya mlango. Mimi nilikuwa pembeni yake, na roho iliniuma kuona amechagua benchi lile. Abdiel alikuwa mbele, amemwekea nafasi.

Mchungaji alianza kuita majina. Vijana walikuwa arobaini na kitu, wavulana kwa suti, wasichana kwa magauni meupe. Walipobaki kama kumi hivi kabla ya Brightness, simu ya Anande ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Aliitazama. Aliutazama mlango. Nikasema moyoni, shemeji, safari hii ukitoka, tukitaniana sitacheka.

Akanipa simu. Akasimama, akatembea katikati ya kanisa zima kwa viatu vyake vya kugonga, akaenda kukaa mbele kando ya mume wake. Simu ilitetemeka mfukoni mwangu mara sita nyingine. Brightness alipiga magoti, akawekewa mikono, akanyanyuka, akamwona mama yake. Alilia bila kujificha. Anande naye akalia, Abdiel akalia, na mimi kule nyuma, nikiwa na simu inayotetemeka kwenye suti ya kuazima, nililia kuliko wote.

Nilipompigia Dinesh baadaye, kumbe simu ya kwanza ilikuwa ya kutuambia kosa wameliona. Zile sita zilizofuata zilikuwa za kuuliza njia ya Akheri, maana walikuwa na njaa.

Orodha ilifika watu ishirini na watatu, wote wakamwamkia Mama vizuri. Walikula pilau na ndizi, wakaonjeshwa loshoro letu la mahindi na maziwa ya mgando, wakaingia kwenye foleni ya zawadi wakicheza pamoja na shangazi zetu. Mwalimu wa Singida alimletea Brightness kuku hai, akampa kwa magoti, na Brightness hakujua amshike wapi.

Toleo la tatu lilitoka Jumatatu. Tangazo aliliandika Anande mwenyewe, kwa sababu mimi nilishavuliwa ukatibu. Brightness alilichapa, akabandua ile karatasi ya jikoni na kulibandika mahali pake. Lilikuwa na mistari miwili: "Tunaomba radhi, toleo hili limechelewa siku mbili. Jana binti yangu alipata kipaimara, nami nilikuwa sehemu moja."