Boa Mweupe na Mtoto wa Wafula

Siku inayonijia nikiwa peke yangu jikoni, mwanangu, hadi najisonya, ni ile niliyoitwa nyumbani Bungoma nimtazame mtoto wa kaka yangu Wafula. Kwetu mtoto akizushiwa maneno, shangazi ndiye huitwa. Akisema huyu ni wetu, watu hunywa chai na kwenda zao.

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa na kazi Kitale, kwenye bustani ya nyoka. Usicheke! Nilitunza boa, wale nyoka wafupi wanene wanaojifukia mchangani. Wakati mmoja boa wetu wawili wa rangi ya chungwa yenye mabaka meusi walizaa, na kati ya watoto akatokea mmoja mweupe, macho mekundu. Msimamizi wetu akatufundisha kwamba weupe huo hujificha kwenye jeni. Mzazi mmoja akiwa nao peke yake, hauonekani. Ni mpaka baba awe nao na mama awe nao, kila mmoja ampe mtoto sehemu yake. Basi nikawa nawaeleza watoto wa shule, kifua mbele, utadhani mimi ndiye niliyegundua. Hata mke wa Wafula, Nekesa, aliponitembelea nilimsimamisha mbele ya kioo cha boa hao nikamweleza yote. Alicheka sana.

"Ati wote wawili? Basi si hakuna wa kulaumiwa, bana."

Mwaka uliofuata Nekesa akajifungua mtoto mwenye ualbino.

Nilikuta viti vimepangwa uani. Nekesa alikuwa akiuza ndizi Webuye kando ya barabara kuu, kwa hivyo watu walishaamua kuwa mtoto ni wa mzungu fulani aliyepita huko. Wafula alikuwa ameinamisha kichwa. Nikapewa mtoto, nikamfunua. Pua ni ya Wafula. Masikio ni ya marehemu baba. Nilijua, mwanangu. Hakuna mtu pale uani aliyejua kama nilivyojua mimi.

Lakini wiki hiyo hiyo watu wa mchumba wangu walikuwa waje kutoka Kitale kuleta posa. Umri ulikuwa umenipita, na mama alishaanza kuniombea kanisani kwa sauti, aibu gani hiyo! Kusema ukweli ilikuwa ni kusema jambo hilo liko pia kwenye damu ya kwetu, damu yangu. Niliogopa wangegeuza gari njiani.

Nekesa akanitazama, hana wasiwasi hata kidogo. "Wifi, waambie ile ya boa."

Nikasema, "Watu si nyoka."

Wazee wakacheka. Ndiyo, walicheka! Nekesa hakulia. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto wake, akamfunika uso asichomwe na jua, na siku hiyo hiyo akarudi kwao Lwakhakha.

Nami nikaolewa. Wafula nilikuja kumwambia ukweli akiwa ameshaoa mwingine. Akaniuliza tu, "Sasa ndio unasema?" Hajawahi kuniuliza tena.

Ilichukua miaka kabla sijapata uso wa kwenda Lwakhakha. Msichana mrefu mwenye kofia pana alinisogezea kiti kivulini na kuniletea chai kwa heshima zote, bila kujua mimi ni nani. Mama yake akamwambia, "Huyu ni shangazi yako. Alikubeba mara moja."

Ile chai nikaiweka chini.

Ndiyo maana nakusumbua, wewe unayesoma mambo haya ya jeni sasa. Unayoyaeleza mbele ya kioo cha nyoka, yaeleze pia uani kwenu, hata siku ambayo yatakuharibia mambo yako mwenyewe. Mtu akikuomba useme unachokijua, sema hapo hapo, akiwa bado ameketi karibu nawe. Ukichelewa utasema kweli, lakini haitamsaidia mtu.

Mungu akupe moyo ambao mimi sikuwa nao. Na watoto wako, waje na rangi yoyote ile, wapate shangazi mwema kuliko mimi.