Ngege Niliyemtia Chumvi

Juzi sokoni nilipita kwenye meza ya mama mmoja anayeuza papa mkavu wa pwani, na harufu yake ikanishika miguu. Nimezeeka, magoti yananiuma, sikuwa na haja ya kusimama juani. Nikasimama.

Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, mbali na bahari, miaka ya hamsini, pamoja na Bi Zuhura. Mama yangu alikuwa amefariki. Baba, mwenye duka la chumvi, sabuni na kanga, alikwenda pwani kuchukua bidhaa akarudi na mke: binti mwembamba, hina bado mbichi mikononi, na katika furushi lake kipande cha papa. Nikaambiwa nimwite Mama Mdogo. Nilimpenda siku ileile, kwa sababu alinisuka nywele bila kunivuta.

Lakini chakula chetu alikuwa hali. Alibandua papa kidogo kidogo kwa ukucha, akamnyonya, na papa alipokwisha naye akaacha kula kabisa. Ngege, samaki wa ziwani kwetu, aliwaonja tu na kusukuma sahani.

"Hawana ladha, mwanangu," aliniambia. "Wa kwetu wanaishi kwenye chumvi."

Baba uvumilivu ulimwisha. "Samaki iko, ndizi iko, nguo iko," alifoka. "We unataka nini tena? Ukiendelea hivi, lori ikirudi pwani utapanda."

Nilikuwa nimeshazika mama mmoja, na sikutaka kumpoteza wa pili. Kisha nikawaza: kama ni chumvi tu, si dukani kwetu imejaa magunia? Nikajiona nina akili kuliko ukoo mzima. Nilimwomba mvuvi mmoja ngege aliye hai, nikamtia ndani ya karai la maji, nikammiminia chumvi kwa mikono miwili, nikachuchumaa kungoja awe samaki wa bahari. Mtoto wa muuza chumvi ungemtegemea awaze nini kingine! Ngege alizunguka, akagonga ukingo, akapanua mdomo, akalala ubavu.

"Mama mudogo, njoo uone! Iko samaki ya bahari!"

Alitazama karai, akatazama mikono yangu iliyojaa chumvi. Akaketi chini uani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Alimpaa yule ngege, akamkaanga bila hata kumwosha chumvi, akamla akammaliza.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema, akanywa maji mchana kutwa.

Nilizunguka kwa majirani nikitangaza kwamba mama mudogo amepona. Lori lilipoondoka kwenda pwani, alikuwemo. Baba hakutoka dukani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilitia chumvi kidogo mno.

Jioni ile ya juzi nilimsimulia mjukuu wangu, ambaye anasomea mambo ya samaki. Alicheka kwanza. Kisha akanieleza kwamba wako samaki wanaozaliwa mtoni na kwenda kukulia baharini, na kwamba wanaanza kubadilika wakiwa bado mtoni. Mwili unatoa homoni, homoni zinapita katika damu na kuyaandaa mashavu wanayopumulia yaanze kutoa chumvi badala ya kuivuta ndani. Hata magamba yanageuka yakang'aa kama fedha. Wanaporudi mtoni kuzaa, mwili unajipanga upya.

"Na ukimtupa ghafla, Bibi, asiye tayari," alisema, "chumvi inamnyang'anya maji ya mwilini. Anakufa kwa kiu humohumo majini."

Nilikuwa nikimfikiria Mama Mdogo. Baba alimwona, akamposa, akamwoa na kumpandisha lori katika safari ileile ya bidhaa. Hakupewa hata muda wa hina kufifia, halafu tukamshangaa kwa nini hali. Ningependa kumkasirikia Baba, lakini alikwisha kufa zamani, nami nimechoka.

Papa nilimnunua. Jana nilimpika bila kumwosha, nikajilazimisha kummaliza. Chumvi iliponiunguza ulimi ndipo nilipoelewa kwamba siku ile Mama Mdogo hakuwa na hamu ya samaki hata kidogo. Alikuwa ananiaga.